Anayebeba Mabadiliko: Deni la Miaka Ishirini Katika Maisha Yasiyotulia

Mtumishi anapokaa mbele ya afisa mikopo, swali lake la kwanza huwa moja: nitakatwa shilingi ngapi kwa mwezi? Akitajiwa kiasi, anapiga hesabu ya haraka kichwani. Anatoa kodi ya nyumba, nauli na ada za watoto. Akiona kinachobaki kinatosha kula, anatia saini. Hajakosea kuuliza hivyo. Tatizo ni kwamba swali hilo linapima uzito wa mzigo bila kuuliza umbali wa safari. Mkopo wa miaka saba, kumi au ishirini ni ahadi anayoitoa mtu wa leo kwa niaba ya mtu atakayekuwa na umri mwingine, afya nyingine, pengine kazi nyingine na familia kubwa zaidi. Ndani ya miaka hiyo riba itapanda na kushuka, sheria zitabadilishwa, shilingi itapungua nguvu, na mtu nyumbani ataugua.

Kwa hiyo, kujifunga kifedha kwa muda mrefu kunafaa kupimwa kwa swali la nani anabeba mabadiliko hayo yakija. Hapa kwetu Afrika Mashariki jibu mara nyingi ni mkopaji peke yake. Ndiyo maana siukubali ule usemi wa kila mara kwamba watu wetu wanaogopa mikopo mirefu kwa kukosa elimu ya fedha. Wengi wanaogopa kwa sababu wameona yaliyowapata wenzao.

Nyumba ndiyo ahadi ndefu kuliko zote, basi tuanze nayo. Tanzania ilikuwa na Benki ya Nyumba, THB, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kufungwa mwaka 1995 baada ya kuelemewa na mikopo isiyorejeshwa. Kwa zaidi ya muongo mmoja baada ya hapo, mfanyakazi wa kawaida hakuwa na mahali pa kukopa kwa miaka mingi ili ajenge au anunue. Mwaka 2008 ikapitishwa sheria ya mikopo ya nyumba, pamoja na nyingine iliyoruhusu fleti moja moja ndani ya jengo kuwa na hati yake. Mwaka 2010 ikaundwa TMRC, kampuni inayozipatia benki fedha za muda mrefu ili nazo zikopeshe kwa muda mrefu. Kenya ilikuja na KMRC ya kwake mwaka 2018. Sheria zipo, taasisi zipo, na matangazo ya mikopo ya nyumba yamejaa barabarani. Hata hivyo Kenya, yenye watu zaidi ya milioni 50, ina mikopo ya nyumba karibu 30,000 tu. Tanzania, ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61, ina maelfu machache.

Husemwa haraka kwamba kipato ni kidogo na viwanja vyenye hati ni vichache. Ni kweli. Lakini chukua kalamu na karatasi, upige hesabu ambayo wakopaji wengi hawaonyeshwi.

Mtu anakopa shilingi milioni 80 kwa miaka 20, riba asilimia 16 kwa mwaka, inayohesabiwa kwenye salio. Kiwango hicho si cha ajabu Tanzania, ambako riba ya mikopo ya nyumba kwa muda mrefu imekuwa ikizunguka kati ya asilimia 15 na 19. Rejesho la kila mwezi ni kama shilingi 1,113,000. Katika rejesho la kwanza, shilingi 1,066,667 zote ni riba. Kinachopunguza deni lenyewe ni shilingi 46,000 na ushei. Akilipa miaka mitano bila kuruka hata mwezi mmoja, atakuwa ametoa mfukoni karibu milioni 66.8, na deni litakuwa limeshuka kutoka milioni 80 hadi milioni 75.8. Nusu ya deni haiishi mpaka mwaka wa 16. Siku anayokabidhiwa hati yake atakuwa amelipa jumla ya milioni 267.

Sasa mkopo huohuo ulipwe kwa miaka 10. Rejesho linakuwa kama shilingi 1,340,000, na jumla ya malipo haifiki milioni 161. Kwa nyongeza ya shilingi 227,000 kwa mwezi, mkopaji anaokoa zaidi ya milioni 106. Afisa mikopo anayesema miaka 20 inashusha makato anasema kweli, inayashusha kwa kama asilimia 17. Lakini aliyetajiwa makato peke yake, bila kuona jedwali la marejesho mwezi kwa mwezi, hawezi kujua kwamba miaka yake mitano ya mwanzo karibu yote imekwenda kulipia matumizi ya fedha, na nyumba yenyewe hajaanza kuinunua. Mtu huyo akiachishwa kazi mwaka wa sita, au ndoa ikivunjika na nyumba ikalazimika kuuzwa, karibu bei yote itakwenda benki, labda eneo liwe limepanda thamani sana. Miaka hiyo ya mwanzo ndiyo ambayo kijana huwa bado anatafuta msimamo wa maisha: anabadilisha kazi, anahama mji, anapata watoto.

Benki nazo zisibebeshwe lawama yote. Fedha nyingi zinazozikopesha ni amana ambazo walioziweka wanaweza kuzitoa wiki ijayo, na kuzifunga kwenye nyumba kwa miaka 20 ni hatari yenye bei yake. Tena yuko mkopaji mkubwa anayegombea fedha hizohizo, naye ni serikali. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania iliuza kwa mara ya kwanza hatifungani ya miaka 25, ikilipa asilimia 15.95 kwa mwaka. Benki inayoweza kupata kiasi hicho kwa kuikopesha Hazina, bila kumfuatilia mtu wala kumtafuta dalali wa mnada, itamkopesha mwalimu wa sekondari kwa asilimia 10 kwa sababu gani? Viwango vya hatifungani vimebadilika tangu wakati ule, lakini ushindani huo haujaondoka, na hauwezi kuondolewa kwa semina za kuwafundisha wananchi kuweka akiba.

Hesabu niliyotoa, hata hivyo, ina jambo moja la kubembeleza: imechukulia kwamba riba itabaki asilimia 16 kwa miaka yote 20. Mikataba mingi haisemi hivyo. Ina kifungu kinachoipa benki haki ya kubadilisha riba kulingana na hali ya soko, na kifungu hicho, kilichokaa katikati ya kurasa nyingi, ndicho kizito kuliko vyote.

Wakenya walikiona kikifanya kazi mwaka 2011. Mfumuko wa bei ulikuwa unapaa na shilingi ya Kenya inaporomoka. Benki Kuu ikapandisha riba yake elekezi kutoka asilimia 7 mwezi Septemba hadi 18 mwezi Desemba. Wastani wa riba za mikopo ya benki ukafika asilimia 20. Mtu aliyekuwa na mkopo wa shilingi milioni 5 za Kenya kwa miaka 20, kwa asilimia 14, alikuwa akilipa kama 62,200 kwa mwezi. Kwa asilimia 20, mkopo wa kiasi hicho unadai 84,900. Mshahara wa mtu hauongezeki kwa elfu 22 ndani ya miezi mitatu. Hata kumrefushia muda kusingemwokoa, kwa sababu riba peke yake kwa kiwango kipya ni zaidi ya 83,000, na rejesho lake la zamani lisingetosha kuilipa. Deni lingezidi kukua huku akilipa. Baadaye, kati ya 2022 na mwanzoni mwa 2024, riba elekezi ya Kenya ilipanda tena kutoka 7 hadi 13. Aliyekopa kwa miaka 20 mwaka 2010 alikutana na misukosuko hiyo yote miwili ndani ya deni moja.

Kenya ilijaribu kulitatua hilo kwa sheria. Mwezi Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria iliyozuia benki kutoza zaidi ya alama nne juu ya riba ya Benki Kuu. Waliokuwa na mikopo walipumua. Lakini benki, zilipoona haziwezi kutoza bei ya hatari, ziliacha kuibeba hatari yenyewe: wafanyabiashara wadogo na watu wasio na mshahara wa kudumu wakafungiwa mlango, na fedha zikakimbilia hatifungani za serikali. Sheria iliondolewa Novemba 2019. Naiona kama jaribio lililogusa mahali panapouma bila kuuliza nani angebeba kilichoondolewa kwa mkopaji.

Serikali nayo inapokuwa mkopeshaji hubadilisha masharti njiani. Waliosoma vyuo vikuu Tanzania kwa fedha za Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, wengi walianza kukatwa asilimia 8 ya mshahara. Marekebisho ya 2016 yakafanya makato kuwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na yakawakuta hata waliosaini zamani. Juu yake kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kutunza thamani ya mkopo, na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kulipa. Nimekaa na wahitimu waliofungua taarifa zao na kukuta, baada ya miaka kadhaa ya kukatwa, deni likiwa kubwa kuliko lile waliloondoka nalo chuoni. Mwaka 2021 tozo hiyo ya asilimia 6 na adhabu ile vilifutwa, na ilikuwa haki vifutwe. Lakini tazama mtiririko wenyewe: ndani ya miaka mitano mzigo uliongezwa kisha ukapunguzwa, na mara zote mbili aliyesaini mkataba alijulishwa tu. Mwaka 2021 alibahatika. Mwaka 2016 hakubahatika.

Upande wa pili wa ahadi ndefu ni zile tunazodai sisi. Mfanyakazi anachangia mfuko wa hifadhi ya jamii kwa miaka 30 akitegemea mkupuo siku ya kustaafu, na wengi wamepanga kufunga deni la nyumba kwa mkupuo huo. Mwaka 2018, mifuko ya Tanzania ilipounganishwa, kanuni mpya zilishusha mkupuo hadi asilimia 25 ya mafao kwa watumishi ambao baadhi yao walizoea kuhesabu 50. Kelele zikawa kubwa, na mwezi Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akasitisha kanuni hizo. Mwaka 2022 kikaja kikokotoo cha asilimia 33, na mwaka 2024 kikapandishwa hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani na 35 kwa wengine. Mifuko ilikuwa na hali ngumu kweli na kitu kilipaswa kufanyika. Ila mtumishi aliyejifunga mwaka 2010 kwa deni ambalo mwisho wake ulitegemea mkupuo alijikuta mwisho huo umesogezwa na watu wengine. Mimi siwezi kumshauri mtu yeyote apange siku ya kumaliza deni kwa fedha ambazo bado zinajadiliwa bungeni.

Nyumba ni ya wachache. Deni refu la wengi ni mkopo wa mshahara: mwalimu, muuguzi, askari, ofisa wa halmashauri. Dhamana ni ajira yenyewe, makato yanafanyika kabla mshahara haujamfikia, na muda umekuwa ukirefushwa kutoka miaka mitatu hadi mitano, saba, hata zaidi. Hapa kuna mtego ambao naona haujazungumzwa vya kutosha.

Mwalimu amekopa milioni 15 kwa miaka saba, asilimia 14 kwenye salio. Anakatwa 281,000 hivi kwa mwezi. Baada ya miaka miwili anapigiwa simu kwamba sasa anaweza kuongezewa mkopo, na makato yatabaki yaleyale. Kwa wakati huo amekatwa jumla ya milioni 6.7, lakini deni limeshuka kwa milioni 2.9 tu, liko kama milioni 12.1. Akikubali, mkopo mpya wa milioni 15 unalipa wa zamani, naye anapokea mkononi hizo milioni 2.9, kabla ya kukatwa ada na bima. Makato kweli hayajabadilika. Kilichobadilika ni kwamba alikuwa amebakiza miaka mitano na sasa amerudi kwenye saba. Kwa milioni 2.9 ya leo ameongeza miezi 24 ya kukatwa 281,000, ambayo ni milioni 6.7 nyingine mwishoni. Akifanya hivyo kila baada ya miaka miwili, na wapo wanaofanya hivyo kuanzia ajira ya kwanza mpaka karibu na kustaafu, hatakuwa na mwezi hata mmoja wa mshahara kamili katika maisha yake ya kazi. Benki nyingine ikija kumnunua deni kwa ahadi ya riba nafuu, mara nyingi hurefusha muda tena, na unafuu wote unamezwa humo.

Hali huwa mbaya zaidi pale riba inapotozwa kwenye mkopo wote badala ya salio, kama wakopeshaji wengi wadogo wanavyofanya. Milioni 10 kwa miaka mitano kwa asilimia 17 kwenye salio inarudi kama milioni 14.9. Kwa asilimia ileile 17 ikihesabiwa kwenye kiasi chote cha mwanzo, inarudi milioni 18.5. Tangazo la mlangoni linaonyesha 17 katika hali zote mbili.

Sheria zimejaribu kuweka kinga. Tanzania, mtumishi wa umma anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 haimruhusu mwajiri kukata zaidi ya theluthi mbili. Kinga hiyo ni ya maana na ingepaswa kulindwa zaidi, lakini inaona tu kile kinachopita kwenye orodha ya mishahara. Aliyebakiwa na theluthi moja na mtoto amerudishwa nyumbani kwa ada anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, anaacha kadi ya benki na namba ya siri. Hiyo ndiyo mikopo iliyopewa jina la kausha damu. Kwa Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ilileta leseni, na wakopeshaji wadogo wasiopokea amana wakawekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo ni 42 kwa mwaka. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Wengi huliona hili kama tatizo la mikopo midogo ya haraka. Mimi naliona kama mtoto wa mkopo mrefu: theluthi mbili za mshahara zikishafungwa kwa miaka saba, kila dharura itakayotokea ndani ya miaka hiyo inaanguka juu ya theluthi iliyobaki.

Na dharura zetu haziko kwenye fomu. Fomu inauliza mshahara, makato mengine na idadi ya wategemezi. Haina mahali pa kuandika kwamba wewe ni mtoto wa kwanza mwenye kazi katika ukoo, kwamba presha ya mama inadai dawa kila mwezi, kwamba mdogo wako anaingia kidato cha tano mwakani, kwamba akifa mjomba utatazamwa wewe kwa usafiri wa mwili. Ahadi hizo ni ndefu kuliko mkopo wowote, hazina mkataba, na haziwezi kuvunjwa bila mtu kujivunjia nafasi yake kwa watu wake. Anayeziita mzigo wa mila hajui kwamba ndizo zinazompokea mtu kazi ikiisha. Zinastahili kuingia kwenye hesabu kabla ya benki, kwa kiasi chake halisi. Wastani wa mwaka mzima uliopita unatosha kutoa picha.

Udhamini nao ni deni refu, ingawa wengi huusaini kama adabu. Kwenye SACCOS, yaani vyama vya akiba na mikopo, mwanachama hukopa mara mbili au tatu ya akiba zake, na pengo linazibwa na akiba za wenzake. Mfumo huu umewajengea watu wengi nyumba kuliko benki zote, kwa riba ambayo kwa vyama vingi ni kama asilimia moja kwa mwezi kwenye salio, na gawio linarudi kwa wanachama haohao. Naupenda na naamini ndiyo njia yetu iliyo bora ya kukopeshana. Lakini anayekuja mezani kwako na fomu, akisema, "Kaka, nisaidie saini tu," hakuombi saini. Anakuomba uweke akiba zako rehani kwa miaka mitatu au minne ya maisha yake, ambayo huna uwezo nayo. Akihama au akifariki kabla bima haijakamilika, makato yanahamia kwako. Una haki ya kumuuliza anadaiwa wapi kwingine, na yeye hana sababu ya kukasirika.

Mbele ya haya yote, wananchi walio wengi wamechagua njia nyingine: kujenga kidogo kidogo. Unanunua kiwanja Chanika, Kibaha au Kitengela, unakaa miaka miwili, unaweka msingi. Fedha ikipatikana unasimamisha boma, unafunga lenta, halafu panasimama tena mpaka upate za kupaua. Wataalamu wengi wa fedha huidharau njia hii, na hoja zao zina uzito. Fedha zimelala kwenye kuta zisizokalika, nondo zinapata kutu, saruji inapanda bei kila unaporudi dukani, na miaka yote hiyo unaendelea kulipa kodi kwa mwenye nyumba. Mapagale yaliyoota majani pembezoni mwa Dar es Salaam yanaonyesha kwamba wapo wasiofika mwisho.

Hata hivyo njia hii ina sifa ambayo mkopo hauna: inaweza kusimama. Mwaka ambao mtoto amelazwa, ujenzi unasubiri, na hakuna dalali anayegonga mlango. Mabadiliko ya maisha yanabebwa na ratiba ya ujenzi, siyo na paa la familia. Na mkopaji wa benki asiye na sifa hiyo, gharama yake anailipia nani? Anailipia mwenyewe, kwa kukosa usingizi kila kampuni yake inapotangaza kupunguza wafanyakazi. Kwa mtu mwenye kipato kinachopanda na kushuka, mfanyabiashara wa sokoni, bodaboda, fundi, naona kujenga kidogo kidogo ni busara kamili, na sera ya nyumba inayomheshimu mtu huyu ingemletea mikopo mifupi ya hatua moja moja: ya kupaua, ya milango na madirisha, ilipwe kwa miaka miwili iishe. Tayari baadhi ya taasisi zinakopesha hivyo. Zingekuwa nyingi zaidi tungeona mapagale machache.

Kuna pia jibu linalotoka kwenye dini, lenye wafuasi wengi Zanzibar, Mombasa na pwani yote. Benki za Kiislamu zilianza Kenya mwaka 2008, na Tanzania ikapata benki yake ya kwanza iliyo kamili ya aina hiyo, Amana, mwaka 2011. Katika murabaha, benki inanunua kitu na kukuuzia kwa bei ya juu inayotajwa wazi, unayolipa kwa awamu. Jumla yaweza kukaribiana na ya mkopo wa kawaida, na wapo wanaolalamika kwamba hawaoni tofauti. Tofauti ipo, na kwa swali letu ni kubwa: bei ikishakubaliwa haiongezeki hata riba za soko zikipanda. Mabadiliko ya soko yanabebwa na benki. Hata asiye Mwislamu ana cha kujifunza hapo, kwamba yawezekana kuandika mkataba mrefu ambao mnunuzi anajua jumla yake tangu siku ya kwanza.

Lini basi mtu ajifunge? Kwa maoni yangu, pale kinachonunuliwa kitadumu kuliko deni lenyewe, riba inapohesabiwa kwenye salio, na makato yanapoacha nafasi ya kubeba ahadi za nyumbani hata kiwango kikipanda kwa alama tano. Akiba ya miezi sita ya marejesho iwe imetengwa kabla ya saini. Mlango wa kutokea nao ujulikane: adhabu ya kulipa mapema ni kiasi gani, bima inalipa ukifa tu au hata ukipata ulemavu, na nini kinatokea ukipoteza kazi, kwa kuwa bima nyingi za mikopo haziligusi hilo. Mwenza ajue. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 na ile ya Kenya ya 2012 zote zinadai ridhaa ya mume au mke kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, na ridhaa ya mtu asiyeonyeshwa jedwali la marejesho haina maana. Mkopo wa miaka saba wa kununua gari litakalochoka mwaka wa tano, au wa kufanyia harusi, mimi ningeukataa hata riba ikiwa ndogo.

Lakini usimamizi wa haya usiachwe kwa mkopaji aliyekaa peke yake mbele ya dawati. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha Tanzania zipo tangu 2019, na zinataka masharti yaelezwe wazi. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama nchini. Na bado mikataba mingi ya mikopo inayowafunga walimu na wauguzi kwa miaka saba au ishirini imeandikwa kwa Kiingereza. Benki Kuu ina uwezo wa kuagiza kwamba kila mkopo unaozidi miaka mitatu uje na mkataba wa Kiswahili, jedwali zima la marejesho mwezi kwa mwezi, jumla ya mwisho kwa herufi kubwa, na mstari mmoja unaoonyesha rejesho litakuwa kiasi gani riba ikipanda kwa alama tano. Iagize hivyo. Na wewe unayekwenda benki wiki hii, usisubiri agizo: liombe jedwali hilo kwa mdomo wako, ondoka nalo, lisome nyumbani na mwenza wako, na wasipokupa usisaini.